Nguzo Safi za Rudarovo

Njiwa wa Rudarovo, husema watu wa Sofia, mji mkuu wetu, hujipangusa miguu wanapotoka mjini, si wanapoingia. Utani huo ni wa siku nyingi, wala si wa peke yake. Upo wa bwana harusi wa Rudarovo, upo wa daktari wa meno, na yote tuliicheka sisi wenyewe kwanza, maana ukijicheka mapema unawanyima wenzako raha. Ukimuuliza mtu wetu huko mji mkuu, "Ndugu, kwenu wapi?" alikujibu, "Aa, karibu-karibu na Sofia," kisha akauliza habari za mpira. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, basi sisi tulikuwa mji mzima wa watumwa. Na mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa, hata sababu ya mji kuwepo ikawa haijulikani tena.

Aliyechoshwa na utani huo alikuwa Ognyan Dimov, muuza miwani wa mtaa wa soko. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mpole, mkewe amemwacha, naye amerudi kwa wazazi wake ghorofa ya nne. Siku moja alialikwa harusi Sofia. Mshereheshaji akautoa ule wa njiwa, ukumbi ukaangua kicheko, na Ognyan akacheka kuliko wote. Aibu ilimshika baadaye, ndani ya treni ya kurudi. Kuchekwa alikwisha kuzoea. Kilichomuuma ni kwamba alicheka.

Kesho yake alipita kwenye njia ya chini ya reli, pale penye picha kubwa ya vigae inayoonyesha wachimba makaa, mahali ambapo walevi walikuwa wamepageuza choo. Akasimama, akaziba pua, akaangalia. Mchimbaji mmoja alikuwa na jicho la kigae cha buluu, na wenzake wote macho meusi. Akauliza-uliza mjini, akaambiwa yule ni fundi mwenyewe wa picha hiyo, alijipachika katikati ya wachimbaji bila kumwambia mtu. Ognyan akapiga picha, akafungua blogu, akaiandika habari hiyo kwa urefu. Blogu akaiita Rudarovo Yetu, na chini ya jina akaweka maneno aliyoyatunga ndani ya treni: Mji huu una wenyewe.

Mwanzoni walisoma wachache, tena kwa kejeli. Kisha akaandika juu ya Ruska wa kibanda cha banitsa, ile mikate ya tabaka yenye jibini, ambaye husukuma unga mpaka uwe mwembamba hata mtu aweze kusoma gazeti lililo upande wa pili. Akaandika juu ya mbwa anayepanda basi kila asubuhi pale hospitali na kushuka sokoni, mbele ya bucha, wala hajawahi kupitiliza kituo. Hapo watu wakaanza kutumiana habari zake. Watoto wetu walioko Munich na London wakaandika kwamba wamelia. Kwenye saluni ya karibu na posta, kila ikitoka habari mpya, msusi alizima redio akaisoma kwa sauti, na wanawake waliokaa na dawa ya nywele kichwani wakasikiliza hadi mwisho. Mmoja wao alikuwa Bibi Yonka, mjane aliyekuwa mkata tiketi wa basi, mwenye simu ya vibonye vikubwa isiyojua mtandao. Yeye saluni hakukosa, hata nywele zisipodai.

Basi mambo yakaanza kubadilika, na sisemi kwa kutia chumvi. Watu walipaka rangi uzio. Manispaa ikaweka taa chini ya reli, walevi wakahama kwa sababu ya mwanga. Wakatokea vijana wenye fulana zilizoandikwa Mji huu una wenyewe. Hata kwenye stesheni ya Sofia, mtu wetu akiulizwa kwao wapi, akasema "Rudarovo!" mpaka mkaguzi wa tiketi akageuka.

Ghorofa ya nne, hata hivyo, kulikuwa na mtu ambaye mji hajawahi kuuonea haya, kwa hiyo blogu haikumwongezea kitu. Huyo ni Mzee Dimo, baba yake Ognyan. Ujana wake wote ulikwenda mgodini, na jioni alipiga tarumbeta kwenye bendi ya wachimbaji. Mgodi ulipofungwa bendi ilibaki, na kazi yake kubwa ikawa mazishi. Kila asubuhi Mzee Dimo alishuka ngazi, akaifuata barabara kuu, akisoma nguzo. Kwetu mtu akifa, jamaa zake hupiga chapa tanzia yenye picha, jina na saa ya kuzikwa, wakaibandika mlangoni, kwenye nguzo za umeme, kwenye miti na kituo cha basi. Ikifika arobaini wanabandika nyingine. Nusu mwaka, nyingine. Mwaka, nyingine, na kuendelea, mpaka aliyebandika naye abandikwe. Mzee Dimo alizisoma zote bila kuruka, kisha akarudi nyumbani.

"Tsonka, nipigie pasi shati jeupe. Leo namzika Kolyo wa mashine ya maji."

"Kwani unamjua?" mkewe aliuliza.

"Simjui sana. Lakini alimzika kaka yako."

"Dimo, wewe siku moja utafia mazishini."

"Afadhali. Nitakuwa nimeshafika."

Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la makaa, na tarumbeta akawa anapiga vipande vifupi tu, akipumzika katikati huku mpiga ngoma akimsubiri. Mpiga ngoma huyo aliitwa Gancho, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mzee Dimo alijua mwisho hauko mbali, na alitaka kitu kimoja tu, wala hakukificha. Alikisema mezani, mdomo umejaa mkate.

"Marumaru sitaki. Kwaya sitaki. Mimi nataka barabara kuu ijae. Nimewasindikiza wote, nao wanisindikize. Magari yasimame mpaka madereva watukane."

"Baba, supu inapoa," Ognyan alisema.

"Supu itapashwa moto. Mimi nikishapoa, basi."

Bi Tsonka akamgonga na kijiko mkononi, wote watatu wakacheka.

Kosa lilianza kwa picha. Jarida moja la Sofia liliandika barua pepe likitaka kuja kuuona huu mji uliojipenda ghafla, na Ognyan akaanza kuutazama kwa macho ya mgeni. Alikwenda mpaka nguzo ya mbele ya ukumbi wa tamthilia. Karatasi zilikuwa zimebandikwa juu ya karatasi, unene wa mkate, nyuso za marehemu zimefubazwa na mvua, ncha zinapepea. Akapiga picha, akaandika: "Mgeni akishuka kwenye treni, wa kwanza kumpokea ni maiti." Akashauri nguzo zisafishwe zote, na kuanzia hapo tanzia zipelekwe kwenye blogu, ukurasa wa Kumbukumbu, bila malipo, picha za rangi, zisilowe wala zisichanike.

Watu waliokwisha kuonja fahari hawahitaji kubembelezwa. Wazo lilipokelewa kwa vigelegele. Naibu meya akatoa ndoo na siki, siku ikapangwa kuwa Jumamosi. Na ili wazee nao wasikose habari, matangazo ya usafi yakachapwa kwenye karatasi, yakabandikwa kwenye nguzo. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akajiuliza maana yake. Tuliyasoma pale pale nguzoni, tukasema, ala, Jumamosi ni kesho kutwa.

Ilikuwa siku nzuri, lazima niseme. Ruska aligawa banitsa. Bibi Yonka alikuja na kisu kipana cha kukwangulia unga mezani, akafunga kitambaa, akawa anakwangua na kuamrisha kana kwamba yuko kwenye basi lake. "Sogea mbele! Nyuma kuna nafasi!" Karatasi zililainika kwa siki, zikashuka kwa mabunda. Mzee Dimo alitazama dirishani, kisha akashuka na kofia yake mpaka nguzo ya ukumbi wa tamthilia. Hakugombana na mtu. Alisimama karibu na msichana mmoja aliyekuwa akikwangua kwa nguvu, akamwonyesha kwa kidole.

"Huyo ni Vasil," alisema. "Mkwangue taratibu. Alikuwa mtu mpole."

Jioni mezani, supu haikuwa na mnywaji.

"Umewafukuza watu barabarani," Mzee Dimo alimwambia mwanawe.

"Baba, wale ni marehemu."

"Ndio hao hao. Wamesimama pale miaka yote, hawajamwomba mtu sigara."

"Wapo kwenye blogu. Sasa anawaona kila mtu, hata aliyeko Kanada."

"Na huyo wa Kanada atakuja kubeba jeneza?"

"Mwache mtoto ale," Bi Tsonka alisema, na haikujulikana anamsema yupi.

Ognyan alimnunulia baba yake simu ya kisasa, akamfungulia ukurasa wa Kumbukumbu, akamwonyesha namna ya kusukuma kwa kidole. Mzee aliishika mbali na uso wake. Akasukuma mara moja, sura ikapanda juu ikapotea. "He! Mbona huyu anakimbia?" Akasukuma tena, akajikuta kwenye tangazo la viatu. Akaiweka simu juu ya friji, na asubuhi akashuka kama kawaida yake, akaifuata barabara kuu nguzo kwa nguzo, zote safi, akarudi bila kuomba shati.

Vuli ilipoingia akaja kutoka foleni ya mkate, akaketi jikoni na kofia kichwani.

"Gancho kazikwa," alisema. "Juma lililopita."

Bi Tsonka akafanya ishara ya msalaba. Gancho alikuwa akiishi ng'ambo ya mto, mbali mno kwa mapafu ya Mzee Dimo, na siku za mwisho alikuwa haamki. Binti yake alifika kutoka Hispania, akamzika, akafunga nyumba, akaondoka. Bendi hakuiita. Hakujua hata namba ya kuipigia.

Ognyan alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunyamaza, lakini hakuwa mwongo. "Ilikuwa kwenye ukurasa, baba. Binti yake aliniletea picha, mimi mwenyewe nikaiweka."

Mzee Dimo alimgeukia. "Ulimweka Gancho. Kisha ukaja ukakaa kwenye kiti hicho, ukala na mimi, usiniambie?"

"Nilidhani umeona."

"Ngoma yake nimetembea nayo miaka thelathini," mzee alisema. "Akaenda kimya. Sita tu wamemzika, na wawili kati yao ni wachimba kaburi." Akavua kofia, akaitundika. Tarumbeta halikutoka tena kwenye mkoba wake.

Jarida la Sofia lilitoka mwezi huo huo. Barabara kuu ya Rudarovo ilikuwa ukurasa wa mbele, nguzo zake zimenyooka, safi, jua la asubuhi linazipiga. Tulilinunua mpaka likaisha vibandani. Kwa kuogopa mji usirudi ulikotoka, wanawake wa saluni wakaunda zamu ya kulinda nguzo, na kiongozi wao, nani mwingine, alikuwa Bibi Yonka. Ukibandika hata tangazo la paka aliyepotea, jioni halipo.

Mzee Dimo alifariki mwezi wa pili, hospitalini, kwa yale mapafu. Barafu ilikuwa imetanda barabarani. Ognyan aliketi akaandika habari za baba yake kwenye ukurasa wa Kumbukumbu, kwa moyo kuliko alivyowahi kuandika kitu chochote: mgodi, tarumbeta, shati jeupe, mzaha wake wa kufia mazishini. Hakuandika kwa ajili ya mji. Aliandika huku machozi yanadondoka kwenye vibonye, na kabla hajamaliza kuyafuta, majibu yalikuwa yameanza kuingia. Vialama vya mishumaa midogo ya rangi, mamia na mamia. Mungu amsamehe. Pumzika, Mzee Dimo. Nimesoma nikiwa kazini Toronto, nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mama yake alikuwa anapiga pasi shati jeupe kwa mara ya mwisho.

"Karatasi umechapa?"

"Mama, imeshasomwa na watu maelfu."

"Nimekuuliza karatasi."

"Nitabandika wapi? Mimi ndiye niliyesema nguzo ziwe safi. Nikibandika mimi, kesho nitamzuia nani?" Akamwonyesha simu. "Tazama, wanaongezeka tu. Barabara itajaa. Itajaa, mama."

Bi Tsonka aliigeuza kola, akaipiga pasi upande wa pili. Ognyan akachapa karatasi moja, akaibandika kwenye mlango wa chini wa jengo lao, kwa sababu mlango si nguzo.

Siku ya mazishi polisi alikuja kusimamisha magari. Akatazama waliotoka kanisani nyuma ya jeneza, akaona hapana haja, akasimama pembeni akipuliza vidole vyake kwa baridi. Walikuwepo majirani wa ngazi yao. Walikuwepo wanabendi ambao Ognyan aliwapigia simu, wale wenye pumzi ya kupanda kilima. Alikuwepo Ruska, maana anauza banitsa chini ya ile nyumba na aliiona karatasi mlangoni. Wote walienea upande mmoja wa barabara kuu, na upande wa pili magari yalipita yakienda zake. Dereva mmoja wa teksi aliona gari la maiti linamchelewesha, akalipita.

Hapana aliyetukana. Mfukoni mwa Ognyan simu ilitetemeka njia nzima, kila hatua mshumaa mmoja, mpaka alipoingiza mkono akaizima. Aliona haya mbele ya mama yake, mbele ya polisi, mbele ya jeneza. Barabara ile baba yake alikuwa ameijua kila nguzo, na sasa anapitishwa kama mgeni.

"Wako wapi watu wako?" Bi Tsonka aliuliza walipokuwa wakishuka kutoka makaburini.

"Wameandika, mama."

"Wameandika," alirudia Bi Tsonka, akamshika mkono asiteleze.

Majuma yakapita. Ognyan alifungua duka, akapima macho ya watu, akafunga duka. Blogu hakuigusa. Wateja wakaanza kumuumiza bila kukusudia. Mzee mmoja alikuja kubadili miwani, akasoma jina kwenye risiti, akasema, "Dimov! Una undugu na Dimo wa tarumbeta? Msalimie sana, mwambie Hristo wa shimo la tatu anamkumbuka." Ognyan akamwambia kwamba amefariki. Mzee akavaa ile miwani mipya, akaivua, akaondoka bila kuichukua. Ikabidi imfuate nyumbani.

Arobaini ilipokaribia, Ognyan alichapa karatasi bunda zima. Asubuhi moja, jua limeshatoka, akabeba ndoo ya gundi na brashi mpaka nguzo ya mbele ya ukumbi wa tamthilia. Akapaka, akabandika, akapitisha kiganja juu ya uso wa baba yake ili kutoa mapovu ya hewa. Akaenda nguzo ya pili. Alipogeuka, mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani alikuwa kwenye ile ya kwanza na kisu kipana, anakwangua.

"Bibi! Acha hiyo!"

"Niache nini?" Bibi Yonka hakugeuka hata kichwa. "Wewe ndiye umechafua? Mtu mzima mzima! Husikii habari za mjini? Nenda pale saluni wakusomee Rudarovo Yetu upate akili. Mji huu una wenyewe, kijana."

Maneno yale aliyatunga Ognyan mwenyewe, ndani ya treni, kwa hasira ya utani wa njiwa. Akabaki ameshika brashi, gundi inamdondokea kiatuni.

"Ni baba yangu," alisema mwishowe.

"Kila mtu ana baba. Baba zetu sote wapo kwenye mtandao sasa, ndio utaratibu." Akakwangua tena, karatasi ikakunjuka nusu, na hapo Bibi Yonka akaona sura. Kisu kikasimama. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa nguzo. "Huyu... huyu si Dimo? Dimo wa tarumbeta?"

"Ndiye."

"Acha utani wako. Dimo amekufa lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na kuzikwa?"

"Amezikwa, bibi. Hii ni ya arobaini."

Bibi Yonka akaigeuza ndoo yake, maji ya siki yakamwagika barabarani, akaikalia. Kisha akaanza kusema, taratibu, bila kumtazama mtu. "Mume wangu alizikwa siku ya mvua. Bendi nzima ikajificha chini ya paa la kanisa. Dimo peke yake akabaki kaburini, maji yanamwingia kwenye tarumbeta, anapiga, anayamwaga, anapiga tena. Nikamwambia, Dimo, utaugua. Akaniambia, Yonka, na wewe utanizika, basi tutakuwa sawa." Akainua macho. "Mwezi wa pili mimi nilikuwa wapi?"

Ognyan alijua alikuwa wapi. Alikuwa kwenye zamu, akilinda nguzo hiyo hiyo. "Lakini saluni walisoma," alisema kwa unyonge. "Niliandika..."

"Ukurasa wa vifo saluni hawasomi. Unafukuza wateja." Ndipo lilipomwingia lile neno alilosema Ognyan. "Uliandika? Wewe ndiye unayeandika?"

"Ni mimi."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aliinuka, akaifuta ile karatasi kwa aproni yake, akajaribu kuirudisha mahali pake, lakini ilikuwa imechanika kwenye shavu. Akanyoosha mkono.

"Nipe nyingine. Na hiyo brashi nipe, wewe kubandika hujui, unaacha mapovu."

Mchana huo waliipita barabara kuu yote, mtaa wa soko, kituo cha basi, na ng'ambo ya mto mpaka mlangoni kwa Gancho. Watu wa zamu walitoka na visu vyao, wakamwona kiongozi wao anapaka gundi, wakarudi ndani. Naibu meya alipiga simu akiwa na wasiwasi, akataka kujua kama blogu itatoa kauli. Blogu ilitoa. Ognyan aliweka picha ya nguzo yenye sura ya baba yake, na chini yake maneno machache: "Nilikosea. Bandikeni."

Basi siku ya arobaini ikafika, na jua la masika likatoka mapema. Ognyan na mama yake walipanda makaburini na sinia la ngano iliyochemshwa, limepambwa kwa sukari na njugu. Wakaweka mvinyo, wakawasha mishumaa. Bi Tsonka alikuwa anapanga maua, jozi kwa jozi kama inavyopasa kwa marehemu, aliposikia viatu. Akageuka.

Walikuwa wakipanda kilima. Wazee wa shimo la tatu na fimbo zao. Wanawake wa saluni. Wajane waliovaa nguo nyeusi za siku nyingi. Watu ambao Ognyan hajapata kuwaona maishani mwake, kila mmoja na maua mawili mkononi, au manne. Huko chini barabara ya makaburini ilikuwa imeziba, magari yamesimama, na dereva mmoja alikuwa ametoa kichwa dirishani anatukana kwa sauti ya kusikika mpaka juu. Bi Tsonka alipomsikia, akacheka na kulia pamoja.

Bendi ilipiga ule wimbo wa kusindikizia. Sehemu ya tarumbeta wakaiacha wazi. Walifika pale, wakanyamaza mpaka zamu ya tarumbeta ikapita, wakaendelea.

Kisha watu wakapanga mstari kuchukua ngano kwenye sinia aliloshika Ognyan. Kila mmoja alichota kijiko, akasema Mungu amsamehe, na kila mmoja akamtazama Ognyan usoni. "Alimzika mama yangu," alisema mzee mmoja. "Ulinikosesha." "Sisi kwani tulikuwa wageni?" aliuliza mwanamke mmoja mnene, kwa hasira kabisa. Hristo wa shimo la tatu, amevaa miwani yake mipya, aliweka maua, akagusa kaburi, akapita. Ognyan aliinamisha kichwa akapokea, na sinia lilipobaki tupu akarudi nalo kwa mama yake.

"Wamekuja wengi, mama."

"Nawaona."

"Wamechelewa tu."

Bi Tsonka alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Wao hawakuchelewa, mwanangu. Wamecheleweshwa." Akalijaza sinia tena, akampa. "Haya, shika. Mstari ni mrefu."